Vitoto vya mbuzi: baridi inasingiziwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua, na utuwie radhi kwa urefu, maana jambo tunalolileta halielezeki kwa mistari kumi. Linahusu mbuzi na kondoo wanaozalia katika mabanda ya nyuma ya nyumba, kuanzia Chanika na Msongola hadi Kibamba, Bunju na Kigamboni. Kila masika, na tena kusi inapovuma mwezi Juni, vitoto vinakufa, na mtaani jibu ni moja tu: baridi. Neno hilo likishatamkwa mjadala umekwisha, kwa kuwa hakuna anayeweza kulaumiwa kwa baridi. Sisi tunasema baridi inasingiziwa.

Tuanze na nyuzi joto. Usiku wa baridi wa Julai hapa Dar es Salaam hushuka hadi nyuzi 18 au 19 hivi. Nchini Uingereza kondoo wengi huzaa Machi na Aprili, majani ya alfajiri yakiwa bado na barafu, na mwanakondoo aliyelambwa akakauka na kunyonya akashiba husimama katika hewa hiyo bila taabu. Inakuwaje basi cha kwetu kife kwenye nyuzi 19? Kitoto hutoka tumboni penye nyuzi 39 kikiwa kimelowa mwili mzima, na maji hayo yanapokauka huondoka na joto la mwili. Upepo ukikipitia, joto linakwenda kasi zaidi. Akiba yake ni moja: mafuta machache ya rangi ya kahawia, mengi yake yakiwa yamezunguka figo, ambayo mwili huyachoma ili kupata joto. Akiba hiyo hutosha kwa saa tano hivi. Kikinyonya ndani ya muda huo, maziwa yanapokea kazi. Kisiponyonya, joto linashuka. Kikishapoa hakina nguvu ya kunyonya, na kwa kuwa hakinyonyi kinazidi kupoa. Mfugaji anakikuta alfajiri kimekakamaa. Kilichokiua ni maji na tumbo tupu, na vyote viwili vinazuilika.

Kinga ya kwanza haiko bandani, iko kwenye kalenda. Mbuzi hubeba mimba siku 150, zikipungua au kuzidi ni tano hivi. Kondoo hutangulia kwa siku mbili tatu. Kondoo wa Ulaya hupandwa mchana unapoanza kufupika, ndiyo maana huzaa kwa pamoja. Wanyama wetu wa asili hawana ratiba hiyo. Mbuzi jike asiye na mimba huja kwenye joto kila baada ya siku 21, kondoo kila baada ya siku 17, mwaka mzima, na beberu akilala nao banda moja uzazi utaangukia popote. Kwa bahati mbaya, hapa kwetu huangukia mara nyingi mahali pabaya. Majani ya vuli yananenepesha majike, wanapata joto vizuri, na aliyepandwa tarehe 1 Novemba anazaa tarehe 31 Machi, mlango wa Aprili, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote jijini.

Kwa hiyo tarehe za kukariri ni mbili. Beberu atengwe kuanzia tarehe 21 Oktoba hadi tarehe 21 Desemba, na hakuna jike atakayezaa kati ya tarehe 20 Machi na 20 Mei. Mwenye subira amweke pembeni mwezi mmoja zaidi, hadi tarehe 20 Januari, kisha amwingize kwa siku 45 tu. Siku hizo zinampa kila jike nafasi mbili za kupata joto, na uzazi wote utaanguka kati ya katikati ya Juni na mwanzoni mwa Agosti: ardhi imekauka, majani yaliyooteshwa na masika bado yapo, na minyoo malishoni imeanza kupungua. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Beberu aliyekaa mbali, asionekane wala asinuswe kwa wiki tatu au zaidi, anaporudi harufu yake huwaamsha majike wengi ndani ya siku chache. Vitoto vitakuja vimefuatana, na mtu atakesha wiki mbili badala ya miezi mitatu. Asiye na banda la pili ajifunze kwa Wamaasai, ambao humfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo asiweze kupanda.

Kosa la kawaida hapa ni kumtenga beberu mkubwa na kuwasahau madume wadogo. Dume la miezi minne linaweza kutia mimba, tena kwa dada yake au kwa mama yake. Litolewe mapema au lihasiwe.

Wapo wanaolenga soko la Idd el-Hajj, na hilo lina hesabu yake, kwani mbuzi wa kuchinjwa siku hiyo anatakiwa awe ametimiza mwaka, na sikukuu husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwenye lengo hilo anaweza kupanga uzazi wa Februari. Aprili haimfai yeyote.

Mwezi na nusu wa mwisho wa mimba ndipo mtoto anapochukua sehemu kubwa ya uzito wake, kama asilimia 70. Ndipo pia mfugaji anapodanganywa na tumbo kubwa la jike. Majani ya masika yamejaa maji. Mbuzi anakula hadi anavimba ubavu, lakini alichopata ni maji mengi na chakula kidogo. Jike mwenye kilo 25 hadi 30 apewe gramu 200 hadi 300 za chakula cha ziada kila siku, zigawanywe asubuhi na jioni. Mchanganyiko rahisi wa kilo 10 ni pumba za mahindi kilo 7, mashudu ya alizeti kilo 2 na gramu 700, na gramu 300 za madini ya mifugo pamoja na chumvi. Majani ya lusina, ule mti wa malisho, ni mazuri sana, ila yasizidi theluthi moja ya malisho ya siku, kwa sababu yana sumu inayonyonyoa manyoya yakizidi. Majani ya muhogo yanyaushwe kwanza. Na mtu asifikiri kuongeza zaidi ni hisani. Jike anayelishwa nafaka nyingi mno anapata kitoto kikubwa kisichopita, hasa kama ni uzao wa kwanza na beberu ni wa aina yenye umbo kubwa.

Kinyume chake ni jike mwenye mapacha anayekosa chakula. Mwili wake unaanza kuyeyusha mafuta yake mwenyewe, sumu inajaa kwenye damu, anazubaa, anaacha kula, anasimama pembeni kama kipofu na pumzi yake inanukia utamu wa ajabu. Hali hii hutokea wiki chache kabla ya kuzaa na ikiachwa siku mbili tatu anakufa. Molasi iliyochanganywa na maji ya vuguvugu, mililita 100 mara mbili kwa siku, humsaidia anayewahiwa mapema, lakini daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo.

Kuhusu dawa na chanjo tutapita haraka, kwa sababu afisa mifugo wa kata ndiye mwenye ratiba ya eneo lake. Sotoka ya mbuzi na kondoo na homa ya mapafu ya mbuzi zote zina chanjo, na jike achanjwe kabla hajapandwa ili asikamatwekamatwe akiwa mzito. Dawa ya minyoo aina ya albendazoli asipewe jike katika mwezi wa kwanza wa mimba, inaharibu kiumbe. Karibu na kuzaa kinga ya jike dhidi ya minyoo hushuka na mayai kwenye kinyesi huongezeka, hivyo mfunue kope la chini la jicho: likiwa jekundu au la waridi iliyokolea yuko salama, likiwa jeupe minyoo inamnyonya damu.

Sasa banda. Tumeona mabanda mengi yaliyofungwa turubai pande zote nne ili kuzuia baridi, na ndani yake vitoto vinakohoa. Mkojo wa mbuzi hutoa hewa kali inayochoma macho na mapafu, nayo isipopata njia ya kutoka huleta kichomi. Ziba upande wa kusini na wa kusini-mashariki, unakotoka upepo wa kipupwe, kutoka sakafuni hadi kimo cha mita moja, yaani juu kidogo ya mgongo wa mbuzi mkubwa. Juu ya hapo acha wazi. Paa lichomoze nje angalau sentimita 60 ili mvua ya masika inayopigwa na upepo isiingie. Banda la kuinuliwa kwa mabanzi ni bora kuliko la chini, lakini nafasi ya sentimita moja na nusu kati ya banzi na banzi, ambayo inapitisha kinyesi cha mbuzi mkubwa, pia inapitisha mguu wa kitoto na kuuvunja. Chumba cha kuzalia, mita moja na nusu kwa mita moja na nusu kwa jike mmoja, kifunikwe mkeka wa zamani au magunia, kisha nyasi kavu unene wa kiganja. Maranda ya mbao ni mazuri chini ya nyasi. Pumba za mpunga hatuzipendekezi, kwani vumbi lake hunata kwenye pua iliyolowa.

Masika yana adui mwingine ambaye vitabu vya wazungu havimtaji: siafu. Harufu ya damu na maji ya uzazi huwaita, na kitoto kisichoweza kusimama hakina pa kukimbilia. Nguzo za banda la juu zisimamishwe ndani ya makopo yenye oili chafu, na banda la chini lizungushiwe majivu makavu kila jioni, yabadilishwe yakilowa.

Vifaa vya kuweka tayari wiki mbili kabla si vya gharama kubwa. Tincha ya ayodini, asilimia 7 ikipatikana. Glovu ndefu. Sabuni ya kipande na mafuta ya kula. Magunia au mataulo makavu matatu kwa kila jike, maana moja hulowa mara moja. Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa. Bomba la sindano la mililita 60, bila sindano, na mpira laini wa kulishia wenye urefu wa sentimita 40 hivi. Tochi yenye betri nzima. Na uzi safi uliolowekwa kwenye ayodini, kwa kitovu kinachotoka damu.

Siku moja kabla ya kuzaa, mishipa miwili iliyo kando ya shina la mkia, ambayo kwa kawaida ni migumu kama kamba, inalegea hadi vidole vinakaribia kukutana. Kiwele kinajaa na kung'aa, uke unavimba na kutoa ute mzito. Jike anajitenga, anaparura chini, analala na kuinuka. Hatua hii huchukua saa mbili hadi sita, na kwa anayezaa mara ya kwanza hufika hata saa 12. Mwacheni. Watu wanaomzunguka kwa tochi wanamchelewesha.

Saa ianze kuhesabiwa anaposukuma kwa nguvu au chupa inapopasuka. Kitoto kilichokaa sawa hutanguliza kwato mbili za mbele, nyayo zikitazama chini, na pua ikiwa imelala juu ya magoti. Akisukuma dakika 30 bila chochote kusonga mbele, kuna tatizo, na kungoja hadi asubuhi ni kumpoteza mama na mtoto. Kata kucha, nawa kwa sabuni hadi kwenye kiwiko, vaa glovu, paka mafuta, ingiza mkono taratibu wakati hasukumi. Swali la kwanza la vidole ni hili: mguu ninaoushika ni wa mbele au wa nyuma? Kunja viungo viwili vya mwanzo kutoka kwenye kwato. Vikikunjwa kuelekea upande mmoja, ni wa mbele. Kimoja kikienda huku na kingine kule, ni wa nyuma. Swali la pili: je, miguu hii miwili ni ya kitoto kimoja? Fuata mguu hadi kifuani na urudi na wa pili. Mapacha huchanganya miguu mlangoni, na anayevuta mguu mmoja wa huyu na mmoja wa yule atawabana wote.

Mguu mmoja ukibaki nyuma, rudisha kitoto ndani kidogo, ufumbate ukwato kiganjani usichane kizazi, uulete mbele. Kichwa kikigeukia ubavuni, kazi ni hiyo hiyo ila ngumu zaidi: kitoto kirudishwe nyuma, taya lishikwe kwa vidole, kichwa kielekezwe mlangoni. Miguu ya nyuma ikitangulia, nyayo zikitazama juu, usihangaike kukigeuza. Kitoke hivyo hivyo, lakini kiuno kikishapita kitolewe upesi, kwa sababu kitovu kinabanwa na kitoto kitavuta pumzi ya maji. Kuvuta kwenyewe ni pale jike anaposukuma tu, na mwelekeo ni chini kuelekea visigino vyake, si moja kwa moja nyuma. Ukigusa mkia peke yake bila miguu, au ukiwa umejaribu dakika 15 bila mafanikio, acha, umwite daktari. Kizazi kilichochanika hakishonwi na mfugaji.

Kitoto kikitoka, futa ute puani na mdomoni. Kisipohema, chokonoa tundu la pua kwa unyasi na usugue mbavu kwa gunia kavu kwa nguvu kuliko unavyodhani inafaa. Kuna wanaokishika miguu ya nyuma na kukizungusha hewani. Tunawasihi waache, kwani kinateleza, na shingo inaumia. Kukiinamisha kichwa sekunde chache kunatosha. Kisha kiweke puani pa mama. Kulamba kwake kunakausha, kunaamsha damu, na ndipo anapoijua harufu ya mwanawe. Kukikimbiza kitoto sebuleni ili kipate joto kunaikata kamba hiyo, na baada ya saa chache mama anakipiga pembe. Na tafadhali, kitoto kisioshwe. Kuna nyumba ambazo kitoto kichafu huogeshwa maji na sabuni dakika ya kwanza, kwa nia njema kabisa, na kinakufa usiku huo huo.

Kitovu kizamishwe chote kwenye kikopo cha ayodini hadi kugusa ngozi ya tumbo ndani ya robo saa, na kirudiwe jioni. Kupaka kwa pamba hakutoshi, kwa sababu tundu lenyewe liko kwenye ncha. Uchafu ukipita hapo, wiki ya pili utaona magoti yamevimba na kitoto kinachechemea, na wakati huo dawa ni ghali na matumaini ni madogo.

Tumefika kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama aliyetoka kuzaa, na hapa ndipo tunapoomba msomaji asome taratibu. Mbuzi na kondoo huzaliwa bila kinga yoyote ya maradhi kwenye damu. Kinga yote ya mwanzo inatoka kwenye dang'a, na utumbo wa kitoto unaipitisha kwa ukamilifu katika saa chache za mwanzo tu; baada ya siku moja mlango umefungwa. Hata hivyo wapo mpaka leo wanaoyakamua maziwa hayo ya njano na kuyamwaga, wakiyaita machafu, au wanayachemsha wayale wenyewe. Kipimo ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa mbili za mwanzo, na jumla ya mililita 200 kwa kilo ndani ya siku ya kwanza. Kitoto cha kilo 2 basi kinahitaji mililita 100 mara moja na 400 hadi kesho yake. Kabla hakijanyonya, kamua kila chuchu mara mbili, kwani huwa na kizibo cha nta. Kitoto dhaifu kinanyonya chuchu iliyoziba mpaka kinachoka, na mtazamaji anaamini kimeshiba. Usitazame mkia unaotikisika. Shika tumbo nyuma ya mbavu: lililojaa ni la mviringo na limekaza kidogo, tupu limebonyea.

Dang'a inaweza kuwekwa akiba. Jike mwenye maziwa mengi na mtoto mmoja akamuliwe ziada, iwekwe kwenye vifuko vile vile wanavyouzia barafu mitaani, mililita 100 kila kimoja, iandikwe tarehe, igandishwe. Hukaa miezi sita bila shida kama umeme haukatiki kwa muda mrefu. Siku ya kutumika, kifuko kiyeyushwe ndani ya maji ya vuguvugu ambayo mkono unavumilia. Jikoni kamwe: dang'a iliyochemshwa hugandamana kama yai, na kinga yote imekufa.

Kitoto kilichokutwa kimelegea, tia kidole mdomoni mwake. Mdomo wa ubaridi ni habari mbaya. Chukua kipimajoto, kipake mafuta, kiingize mkunduni dakika moja. Nyuzi 39 hadi 40 ni sawa. Kati ya 37 na 39, kikaushe, kipe dang'a, kirudishe kwa mama mahali pasipo upepo, kipime tena baada ya nusu saa. Chini ya 37 hali inabadilika, na umri ndio unaoamua. Kikiwa hakijafikisha saa tano, akiba ya mafuta bado ipo, hivyo kipashe joto kwanza kisha kilishe. Kikiwa kimepita saa tano, akiba imekwisha, na hapa ndipo watu wengi wenye huruma wanapoua bila kujua: joto linaamsha mwili unaodai sukari ambayo haipo, kinapata kifafa, kinakufa mikononi. Hicho kinahitaji sindano ya glukosi tumboni kabla ya kupashwa joto, mililita 10 za glukosi ya asilimia 20 kwa kila kilo, ikiwa vuguvugu, na anayeichoma awe daktari wa mifugo au mtu aliyefundishwa naye.

Chombo cha kupashia joto ni tenga la kuku au boksi, nyasi kavu ndani, na chupa mbili za maji za lita moja na nusu zilizojazwa maji ya moto kiasi, zikazungushiwa kitambaa, zibadilishwe kila saa. Jiko la mkaa lisiingie bandani. Hewa yake haina harufu, inaua mama na mtoto na mwenye banda aliyesinzia pembeni, achilia mbali moto kwenye nyasi.

Mpira wa kulishia hutumika kwa kitoto kinachoweza kuinua kichwa na kumeza tu. Upime kwa nje kutoka ncha ya pua hadi ubavu wa mwisho, uweke alama. Kikalishe mapajani, ingiza mpira pembeni mwa mdomo juu ya ulimi, ukiupeleka polepole kinavyomeza. Ukisimama kabla ya alama, au kitoto kikikohoa, umeingia njia ya hewa. Toa, anza upya. Mpira ukifika kwenye alama, unganisha bomba na uache maziwa yashuke kwa uzito wake. Anayesukuma kwa haraka anajaza mapafu.

Kondo la nyuma hutoka ndani ya saa chache. Likipita saa 12 liko ndani, usilivute, mwite daktari. Likitoka lizikwe kina cha nusu mita au lichomwe, mbali na mbwa, na mjamzito asisogelee uzazi wala mimba iliyotupwa, kwani ugonjwa wa kutupa mimba hutoka kwa mbuzi ukaingia kwa binadamu. Kinyesi cha kwanza cha kitoto ni cheusi kama lami, kisha hugeuka cha njano chenye kunata. Kikiziba njia, kilainishwe kwa mafuta na maji ya vuguvugu, kisibanduliwe kikavu. Mizani ya kuning'iniza ya duka la vyuma inafaa sana. Pima siku ya kuzaliwa na kila baada ya siku tatu, na kitoto kisichoongezeka chochote kati ya vipimo viwili kina njaa au kinaumwa, hata kama kinaruka.

Ombi letu ni la aina tatu. Maduka ya dawa za mifugo yauze ayodini katika chupa ndogo za mililita 30 au 50 na mipira ya kulishia mmoja mmoja, kwa sababu mwenye majike manne hanunui lita nzima. Maafisa mifugo wa kata, ambao tunaijua kazi yao na uchache wao, waite wafugaji siku moja kabla ya masika kuwaonyesha kwa mikono namna ya kupitisha mpira na kusoma kipimajoto. Maneno peke yake hayatoshi. Na gazeti lako, Mhariri, lichapishe zile tarehe za kumtenga beberu katika wiki ya pili ya Oktoba, karibu na utabiri wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Zikichapishwa Novemba, mimba za Aprili zitakuwa zimeshaanza kutungwa.

Wafugaji wa mbuzi na kondoo,
Chanika, Dar es Salaam